Toyota 110 kwenye otokrosi: pesa ianze kwa shoki, si kwa injini

Habari zenu wapenda magari, karibuni. Gari hili lililo nyuma yangu mnalijua vizuri. Ndilo lililowapeleka wengi wenu shuleni na harusini, na huenda baba bado analo nyumbani. Ni Toyota Corolla 110, toleo lililoanza kutoka Japani mwaka 1995. Leo naichambua kama gari la otokrosi: kipi kibadilishwe, kipi kiachwe, na shilingi ya kwanza iende wapi.

Kama wewe ni mgeni kwenye mchezo, usichanganye otokrosi yetu ya Kenya na ile ya Marekani, ya kuzunguka koni kwenye lami ya maegesho. Ya kwetu ni vumbi. Njia ni fupi, kona zinafuatana, mashimo yanazidi kuchimbika kila gari linapopita, na mwenye kuamua ni saa. Shirikisho letu la michezo ya magari, KMSF, lina daraja la magari yanayosukumwa na magurudumu mawili bila tabo, na humo ndimo 110 inamoingia. Kwa hiyo yule jirani mwenye Subaru ya tabo asikutie hofu, hamshindanii kikombe kimoja.

Kwa nini 110? Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo zilizopo ni hizi tulizo nazo, zimechakaa na bei yake imeshuka. Lakini spea hazijaisha. Teremka Kirinyaga Road, Nairobi, na orodha yako asubuhi, na nyingi utazipata kabla ya chakula cha mchana. Gari lenyewe ni jepesi, karibu tani moja. Injini ya 5A-FE ina cc 1,498 na nguvu farasi 100. 4A-FE ina cc 1,587 na nguvu zaidi kidogo. Kuna jambo wengi hawalitaji: kwenye injini hizi za FE, taimingi belti ikikatika, valvu hazigongani na pistoni. Unafunga belti mpya, unapanga taimingi, unaendelea. Kwa mtu anayelipa mwenyewe, hilo ni kubwa kuliko farasi kumi za ziada.

Sasa, swali ninaloulizwa na kila kijana: niweke ile 4A-GE ya valvu 20? Injini tamu, siikatai. Farasi 165, tena zinapatikana ukiipandisha hadi mizunguko 7,800 kwa dakika. Lakini tazama njia yenyewe. Muda mwingi uko gia ya pili, unatoka kona moja unaingia nyingine. Difu ya kawaida ya 110 hupeleka nguvu kwa gurudumu lililo jepesi, yaani lile la ndani ya kona, nalo linazunguka bure. Hizo farasi ulizonunua zinageuka kuwa vumbi kwa mashabiki. Ukipata difu ya kubana, yaani LSD, isiyoacha gurudumu moja lizunguke bure, tuzungumze. Kabla ya hapo, hapana.

Tuje kwenye shoki, na hapa nitakaa kidogo.

Ndani ya shoki kuna pistoni inayosukumana na mafuta kupitia vitundu vidogo. Kazi yake ni kuchukua ule mrusho wa springi na kuugeuza kuwa joto. Ukienda kazini, shoki inapata nafasi ya kupoa. Kwenye otokrosi shimo linafuata shimo, mafuta yanapata moto na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Hapo ndipo gari linaanza kurukaruka, tairi zinaachana na ardhi, na ukikata usukani halisikii. Dereva analaumu tairi. Si tairi.

Mimi nimefunga KYB Excel-G pande zote nne. Zina gesi ya naitrojeni inayoyakandamiza mafuta ili povu lichelewe. Niseme wazi: si shoki za mashindano, zimetengenezwa kurudisha gari katika hali yake ya kiwandani. Shimo kubwa bado utalisikia mgongoni. Lakini kutoka kwa shoki zilizokufa hadi hizi, gari linakuwa jingine kabisa, na za ralii zenyewe zinaweza kugharimu kuliko 110 nzima. Ukizifunga, nunua na mauntingi mpya za juu. Watu wanabana hapo, halafu gari linagonga ko-ko-ko na wanasema shoki ni feki.

Na spesa, vile vipande vya kuinulia gari vinavyofungwa juu ya shoki? Fundi atakuambia weka inchi mbili gari linyanyuke. Kataa. Spesa haikuongezei safari ya shoki hata kidogo. Shoki itafika mwisho palepale ilipokuwa ikifika. Inachofanya ni kuinua bodi, gari linalala zaidi kwenye kona, na shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali mpaka sivi jointi, vile viungo vya shafti, zinalia. Inchi moja basi, kama lazima.

Tairi: chukua 185/65 za rimu 14, zenye mpira laini na meno yaliyoachana. Zile za theluji zilizotumika Japani zinauma vumbi vizuri, ingawa zinaisha haraka. Upepo wangu ni psi 28 mbele, 32 nyuma. Nyuma ni zaidi kwa makusudi. Gari la kuvutwa na mbele linapenda kunyooka na kukataa kona, kwa hiyo nataka mkia uteleze kidogo. Kutoa kiti cha nyuma na spea tairi kunasaidia hilohilo, maana nyuma kunakuwa kwepesi. Na kwa kona ile ya kurudi ulikotoka, breki ya mkono ndiyo usukani wako wa pili: safisha madramu, kaza kebo, halafu fundi akurekebishie kile kitufe ili ukivuta mkono na kuuachilia urudi wenyewe, usinase.

Chini, bamba la kukinga sampu, lile bakuli la oili ya injini. Chuma cha milimita 4 kutoka kwa mafundi wa jua kali kinatosha. Alumini ni nyepesi na inateleza juu ya jiwe, ila bei yake ni nyingine. Hakikisha wameacha tundu la kumwagia oili. Fuata pia mabomba ya petroli na breki yanayopita chini ya sakafu, hayo nayo yafunikwe.

Thamosteti, ile valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, irudishwe! Sijui nani alitufundisha kuitupa kila injini ikichemka. Na filta ya hewa ikung'utwe kila baada ya raundi, kwa sababu vumbi linasaga injini kimyakimya.

Usalama sibishani na mtu. Kizimba cha mabomba, kiti cha kukumbatia, mshipi wa kupita mabegani, helmeti. Soma kanuni za KMSF kabla hujachomelea hata bomba moja, maana kizimba kisicholingana na kanuni unakilipia mara mbili. Kile kiti cha kitambaa kilichokuja na gari kinakutelezesha hadi mlangoni, na ukiwa unajishikilia kwenye usukani huwezi kuuendesha.

Uamuzi wangu: 110 ya gia za mkono, injini isiyotoa moshi, chasisi isiyo na kutu kwenye minara ya shoki. Ukiipata hiyo, chukua. Ya otomatiki iache kwa mama aendee sokoni. Kubadilisha giaboksi, pedali na waya zake kutakula pesa yote ya shoki na tairi. Na kama minara imeoza, hata ukipewa bure, usiichukue.