Sony A7R V: megapikseli 61 kwenye harusi za Dar na milango ya Mji Mkongwe

Ninaitumia Sony A7R V kwa kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni harusi hapa Dar es Salaam, na hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Ya pili ni majengo ya kale ya Zanzibar, hasa milango ya Mji Mkongwe, ambayo hoteli na watu wenye kuta kubwa hupenda kutundika picha zake. Kila anayeniulizia kamera hii huanza na swali lilelile: megapikseli 61 za nini, wakati picha zenyewe zinaishia WhatsApp? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba megapikseli tupu ni mzigo. Kilichonifanya niing'ang'anie kamera hii ni vitu vilivyowekwa kuuzunguka mzigo huo ili ubebeke.

Kwanza hesabu yenyewe. Kihisi chake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, ni cha fremu kamili, takriban milimita 36 kwa 24, ukubwa uleule wa filamu ya zamani ya 35mm. Picha moja inatoka na pikseli 9504 kwa 6336. Ukiipeleka studio ikasafishwe kwa pikseli 300 kwa inchi, unapata karatasi ya sentimita 80 kwa 53 bila kuivuta hata kidogo. Ukiikata kwa fremu ya APS-C, ile ndogo kuliko fremu kamili, bado unabaki na megapikseli 26, ambazo zinatosha albamu yoyote ya harusi. Hilo lina maana kubwa ukumbini: umebanwa nyuma ya meza ya wazee, lenzi uliyofunga ni ya 85mm, na bi harusi anafuta machozi huko jukwaani. Unapiga, unakuja kukata baadaye, na uso bado una kope na poda yake yote.

Lakini mahali ambapo kihisi hiki kilinishangaza hasa ni kwenye milango. Mlango wa Zanzibar una kazi nyingi sana ndani ya nafasi ndogo: kizingiti cha juu kilichochongwa maua, minyororo ya kuchonga iliyopita pembeni kwenye miimo, mfaa katikati ya mbawa mbili, na vile vichwa vya shaba vilivyochongoka. Nikifungua picha kwenye kompyuta kwa ukubwa wake halisi, naona alama za patasi pale fundi alipogeuza mkono ili kupinda jani. Naona tabaka za vanishi zilizopakwa juu ya vanishi. Kuzunguka kila kichwa cha shaba naona unga mweupe uliokaukia kwenye mbao, mabaki ya dawa ya kung'arishia ambayo kitambaa hakikuyafikia. Mteja wa hoteli akisogea karibu na picha iliyotundikwa, anaendelea kuona vitu vipya badala ya kuona ukungu. Kwa kazi hiyo silaumu hata pikseli moja.

Ipo pia njia ya kupiga picha 16 mfululizo huku kihisi kikisogezwa kidogo sana kila mara, kisha programu ya kompyuta inaziunganisha kuwa picha moja ya megapikseli 240.8. Lazima kamera iwe juu ya stendi imara na mlango usiguswe. Vichochoro vya Mji Mkongwe vina watu, baiskeli na pikipiki, kwa hiyo naifanya alfajiri tu. Programu ina uwezo wa kurekebisha vitu vilivyosogea kidogo, kama majani, ila mtu anayekatiza mbele ya mlango ni habari nyingine. Rangi inayopatikana kwa njia hii kwenye mbao nyekundu na shaba ni nzuri kuliko ya picha moja, na mimi naijali rangi hiyo kuliko ukubwa wa faili.

Sasa gharama ya wingi huo wa pikseli. Kila pikseli ina upana wa mikromita 3.76, ndogo mno, na udogo huo haufichi kitu. Mkono ukitikisika kidogo, inaonekana. Lenzi ikiwa dhaifu pembeni, inaonekana. Ukibana tundu la lenzi kupita f/11 ukidhani unaongeza makali, picha inaanza kulainika kwa sababu mwanga wenyewe unasambaa ukipita kwenye tundu dogo. Vumbi lililokaa kwenye kihisi linajitokeza angani kama madoa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetoka kwenye kamera ya megapikseli 24 na lenzi ile iliyokuja nayo kwenye boksi: fedha iende kwenye lenzi kwanza. FE 24-70mm f/2.8 GM II na FE 90mm f/2.8 Macro zinatosha kukionyesha kihisi hiki kinaweza nini. Lenzi ya bei poa itakupa faili kubwa lenye picha ya kawaida.

Kuhusu mtikisiko, kamera inajisaidia. Kihisi kinaelea ndani ya bodi na Sony wanakitaja kuwa na nafuu ya stopu 8, ambapo kila stopu hukuruhusu kuacha shata wazi mara mbili zaidi. Stopu 8 ni kipimo cha maabara, na mimi sizihesabii zote nikiwa kazini, lakini ndani ya nyumba za mawe zenye kiza, kwa lenzi ya 35mm, napiga kwa moja ya nane ya sekunde nikiwa nimesimama wima na picha zinatoka kali. Kwa watu haisaidii hivyo, kwa kuwa wao wenyewe wanasogea. Ukumbini sishuki chini ya moja ya mia mbili ya sekunde, na hapo ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, inapanda. Kwenye 6400 chenga zipo ukiivuta picha hadi mwisho. Ukiipunguza kufikia ukubwa wa albamu, zinajificha.

Fokasi ndiyo iliyobadilisha namna ninavyofanya kazi. Ndani ya kamera kuna kichakataji cha pekee kilichotengwa kwa ajili ya kutambua kilicho mbele ya lenzi: binadamu, mnyama, ndege, mdudu, gari, treni, ndege ya angani. Kwa binadamu hakitafuti jicho peke yake. Kinasoma umbo zima, kichwa kiko wapi juu ya mabega, hata uso ukiwa umegeuka. Wapiga picha wa pwani wataelewa kwa nini nalisisitiza hili. Bi harusi wetu anaingia akiwa na shela usoni, ameinamisha kichwa, amezungukwa na mashangazi na mawifi wenye simu zilizoinuliwa. Kamera nyingi zingeshika lesi ya shela, au simu ya shangazi aliyekatiza mbele. Hii inabaki kichwani pa bi harusi, na sekunde shela inapoinuliwa kile kisanduku kidogo kinaruka kwenye jicho lake la karibu. Kwa lenzi ya 85mm iliyofunguliwa f/1.4, ambapo kope huwa kali na sikio likawa ukungu, kitu hicho kina thamani kuliko megapikseli zozote.

Pete na vito navipigia njia nyingine. Kamera inaweza kupiga mfululizo ikisogeza fokasi hatua kwa hatua, hadi picha 299, halafu unaziunganisha kwenye programu ili pete yote iwe kali toka mbele hadi nyuma. Mimi sijawahi kuhitaji karibu na idadi hiyo. Kwa pete mbili juu ya khanga iliyokunjwa, chache zinatosha.

Jambo la kujua kabla ya kununua: shata ya elektroniki, ile isiyotumia pazia la kufunguka na kufunga, ni ya polepole. Kihisi hiki kinachukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kusomwa toka juu hadi chini. Mtu akicheza muziki, mkono wake unaweza kutoka umepinda. Chini ya taa za LED za ukumbini picha inaweza kujaa mistari. Ni gharama ya kusoma pikseli nyingi hivyo, na mwenye kazi ya michezo atafute kamera nyingine. Mimi ukumbini natumia shata ya kawaida. Ila msikitini wakati wa akdi, mchana, mwanga wa dirishani, bwana harusi na walii wameshikana mikono na watu wote wametulia, hapo naweka ya elektroniki. Haitoi sauti hata kidogo. Shehe anaendelea na hotuba yake na hakuna anayegeuka kunitazama. Kwa heshima ya mahali pale, nathamini sana uwezo huo.

Video sitaisemea sana. Inarekodi 8K kwa fremu 24 na 4K kwa fremu 60, zote mbili zikikata sehemu ya pembeni ya picha. Kwa kipande kifupi cha kumpa mteja inafaa. Anayeishi kwa video ana kamera zake.

Hifadhi ndipo wengi wanapokwama. RAW, yaani faili ghafi la kihisi, isipobanwa ni karibu megabaiti 120 kwa picha moja. Harusi ya siku nzima kwa mtindo huo itajaza diski na kuichosha kompyuta kabla hujamaliza hata kuchagua. Sony waliweka hapa RAW iliyobanwa bila kupoteza kitu, tena katika saizi tatu: megapikseli 61, 26 na 15. Ile ya 26 inatumia kihisi kizima, haikati pembeni. Hiyo ndiyo ninayopigia wageni, chakula, zawadi na dansi. Nikifika kwenye picha rasmi za maharusi na familia, narudisha 61. Kitufe kimoja nilichokipanga kinanibadilishia hilo bila kuingia kwenye menyu. Kama unanunua kamera hii na hukusudii kutumia saizi hizo, tenga fedha za diski mapema.

Mfululizo wake ni picha 10 kwa sekunde, lakini kwa RAW iliyobanwa kwa kawaida tu. Ukichagua ile isiyopoteza kitu, kasi inashuka hadi takriban 6 au 7. Kwa harusi inatosha na kubaki.

Skrini yake nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Inakunjuka juu na chini kama zile za zamani, na pia inageuka pembeni, kwa hiyo napiga milango kamera ikiwa chini karibu na kizingiti bila kulala kwenye mawe, na napiga juu ya vichwa vya umati kamera ikiwa wima. Kitazamio kina nukta milioni 9.44, na kwa macho yangu ni safi kiasi kwamba nakagua makali humohumo. Betri ni NP-FZ100, inayopewa picha 440 kwa kitazamio. Inachajiwa kwa USB-C, hivyo umeme ukikatika hata pawa benki inaokoa kazi.

Kwa sisi wa pwani, unyevu ni adui kuliko mvua. Bodi imezibwa vizuri dhidi ya vumbi na manyunyu, lakini lenzi zikikaa kwenye begi lenye joto zinaota fangasi. Zangu zinakaa kwenye boksi lisilopitisha hewa lenye silika jeli, zikitoka kazini tu.

Bei ilianzia takriban dola 3,900 Marekani, bila lenzi. Anayefanya kazi za mtandaoni na albamu za kawaida nitamwelekeza kwenye A7 IV yenye megapikseli 33, na fedha inayobaki anunue lenzi nzuri. Anayetaka kihisi hiki cha 61 kwenye bodi nyepesi aangalie A7CR ya mwaka 2023, gramu 515 dhidi ya 723 za hii, yenye kitambuzi hichohicho cha watu na wanyama. Kwa safari za milango ningeibeba hiyo kwa furaha. Kwa harusi siibebi, kwa sababu ina nafasi moja tu ya kadi. A7R V ina mbili, na mimi kila picha inaandikwa kwenye zote. Usiku ukiisha kadi moja anaondoka nayo msaidizi wangu, nyingine nabaki nayo mimi, na kila mmoja anapanda gari lake.