Ofisi ya Mawakili Karibu na Kisutu: Tulikwenda Kufuta Rekodi, Tukakuta Swali Lingine

Kabla ya kufika katika ofisi ninayoitathmini hapa, familia yetu ilikuwa imekwisha kupoteza shilingi 400,000 kwa kishoka mmoja aliyekuwa akishinda nje ya geti la mahakama, bahasha ya kaki kwapani, akituahidi kwamba jina la mdogo wangu "litatolewa kwenye kompyuta" ndani ya siku tatu. Mdogo wangu alishtakiwa kwa wizi mwaka 2016, akakaa mahabusu katika gereza la Keko wiki kadhaa hadi alipopata wadhamini. Mwaka huu mwajiri mpya alipomtaka apeleke hati ya tabia njema kutoka polisi, hamu ya kula ilimwisha.

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya tatu, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, jijini Dar es Salaam. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa sehemu ya maelezo haya ni malalamiko ambayo wenyewe hawajapata nafasi ya kuyajibu. Safari hii tulianza kwa kulitafuta jina la wakili katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, tukajiridhisha kuwa ana leseni hai, jambo ambalo tungelifanya mwanzoni lingetuokolea zile laki nne.

Wakili aliyetupokea, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alituambia bila kuzunguka kwamba Tanzania haina sheria ya jumla ya kumfutia mtu mzima rekodi ya jinai baada ya miaka fulani kupita. Uingereza wanayo tangu mwaka 1974, na mengi ambayo vijana wanayasoma mtandaoni kuhusu kufutiwa rekodi ni sheria za majimbo ya Marekani, ambazo haziwezi kumsaidia mtu wa Mbagala. Kwetu, aliyetiwa hatiani katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, kwa kutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na akichelewa aombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Uko pia msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba, ila huo, kwa maneno yake, hauna dirisha la masjala unakolipia ada na kusubiri.

"Lakini kaka yangu," akaniambia, "kabla ya kuzungumzia kufuta, tujue kwanza kuna nini cha kufuta."

Hapo ndipo fedha yetu ilipofanya kazi. Badala ya kuanza kuandika maombi, alimtuma karani wake masjala kuomba nakala ya mwenendo wa shauri iliyothibitishwa, ikapatikana baada ya siku kumi na tisa. Alilifunua jalada mbele yetu, akapita kurasa za kuahirishwa ambazo zote zilisema upelelezi haujakamilika, kisha akaweka ncha ya penseli chini ya mistari miwili ya mwisho: mwendesha mashtaka ameliondoa shauri chini ya kifungu cha 98(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba za wakati ule, na mshtakiwa ameachiwa. Miaka yote hiyo nyumbani tulikuwa tukisema kijana "alifungwa", na mama alikuwa amekwisha kukataa posa moja kwa aibu, kumbe hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani.

Alitueleza pia upande usiopendeza. Shauri likiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaachiwa tu, na sheria haizuii kumshtaki tena kwa tukio lilelile. Likiondolewa baada ya hapo ndipo anapoachiwa huru moja kwa moja. Nilimheshimu kwa kulisema hilo kabla hatujalipa salio. Aliandika barua kwa polisi, akaiambatanisha na nakala ya amri, mdogo wangu akachukuliwa alama za vidole, na hati ikatoka wiki tano baadaye.

Somo la namna ya kujaza fomu nalo lina thamani yake. Swali la "umewahi kutiwa hatiani" na swali la "umewahi kukamatwa au kushtakiwa" ni maswali mawili, na kwa mdogo wangu majibu yake ni hapana na ndiyo. Fomu ya viza ya Marekani, kwa mfano, inauliza hata juu ya kukamatwa, na haimsamehe mwombaji kulitaja jambo hilo hata kama alipewa msamaha. Wakili alisisitiza kwamba uongo kwenye fomu humwongezea mtu tatizo jipya lisilohusiana na lile la zamani.

Malalamiko yangu ni mawili. Tulikubaliana shilingi 600,000, lakini siku ya risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ndipo tulipoelezwa kuhusu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani shilingi 108,000 zaidi ambazo hazikuwa katika makubaliano ya maandishi. La pili ni simu: dada wa mapokezi hupokea na kuahidi kwamba utapigiwa, na hupigiwi, hadi upande mwenyewe zile ngazi.

Kwa asiye na uwezo wa kulipa kiasi hicho, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria, na nadhani hatua ya kupata nakala ya jalada wanaimudu vizuri. Ukienda kwao, au ukienda kwa mawakili hawa, uwe na namba ya shauri mkononi, kwa sababu karani alituambia kwamba kutafuta kwa jina peke yake kungeongeza majuma. Sisi tuliipata nyuma ya barua ya mtendaji wa mtaa iliyotumika kumdhamini, ambayo baba alikuwa ameihifadhi ndani ya kava la redio.