TAHADHARI: Wanaopita majumbani wakiuza "faiba" Dar es Salaam, kagua kabla hujalipa

Wakuu, habari za majukumu.

Kuna vijana wanapita nyumba kwa nyumba huku Kinyerezi, na ndugu zangu wa Goba na Madale wananiambia huko nako wamefika. Wanauza kitu wanachokiita faiba ya nyumbani, yaani intaneti inayosafiri kama mwanga ndani ya waya wa kioo hadi kwako. Wanachofunga si faiba. Ni ruta ya laini ya simu, na likishaisha lile bando la mwanzo, namba zao hazipatikani tena.

Wanakuja mchana, wawili au watatu, wamevaa vizibao vinavyong'aa, wana ngazi na roli la waya mweusi. Wanasema kampuni yao imeshafikisha mkongo barabara kubwa, mwenyekiti wa mtaa ana taarifa, na ofa inaisha Ijumaa. Laki moja na nusu ya kuunganishiwa, halafu elfu arobaini kwa mwezi, kasi ya Mbps 100 bila kikomo. Ukiwauliza ofisi yao iko wapi, wanataja jengo la mjini bila ghorofa wala namba ya chumba.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, walimwingia kwa heshima zote. "Shikamoo mama, tumekuletea mtandao wa kudumu, wajukuu wasome." Akalipa. Wakavuta waya kutoka kwenye nguzo, wakatoboa ukuta, wakaficha waya kwenye tranki nyeupe (mfereji wa plastiki wa kufichia waya) nyuma ya runinga, wakawasha ruta. Intaneti ikaruka vizuri kabisa. Muda si mrefu ikazima, na simu za mafundi zikawa hazipokelewi.

Aliponiita nikasogeza meza ya runinga na kufungua ile tranki. Waya ulikuwa umeishia humo humo ndani, umekatwa na kuviringishiwa tepu nyeusi. Haukuwa umechomekwa popote. Ruta yenyewe ilikuwa na waya mmoja tu, wa umeme. Nikaigeuza chini: lebo imeandikwa IMEI, pembeni kuna kifuniko kidogo cha mpira, na ndani yake laini ya simu. Yaani yule mama alilipa laki na nusu kwa ruta iliyowekewa bando.

Baya zaidi ni kwamba walichukua namba yake ya NIDA na kumwekesha kidole kwenye simu yao, "kwa ajili ya mkataba." Tulipopiga *106# kwenye simu yake kuangalia namba zilizosajiliwa kwa jina lake, tukakuta namba asizozijua. Moja ni ile iliyokuwa kwenye ruta. Nyingine hatujui ziko mikononi mwa nani, na wote tunafahamu laini za namna hiyo ndizo zinazotuma zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii." Siku polisi wakifuatilia namba hizo, jina litakalosomeka ni la mama wa watu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, au kama umeshafungiwa, kagua kisanduku chenyewe. Kisanduku cha faiba kina taa zilizoandikwa PON na LOS. PON ikitulia kwenye kijani, mwanga unafika. LOS ikiwaka nyekundu, haufiki. Nyuma yake kunaingia waya mwembamba wenye kichwa cha plastiki cha kijani au buluu, na huo ndio unaoleta intaneti, ukiuchomoa kila kitu kinakatika. Hapo hapo mbele ya fundi mwambie auchomoe, uone. Lebo ya kisanduku cha faiba huwa haina IMEI, kwa sababu IMEI ni utambulisho wa kifaa kinachotumia mtandao wa simu. Ukiiona, jua unauziwa intaneti ya mnara, hata kama wamekuvutia waya hadi chumbani. Na faiba ni kioo. Huungwa kwa mashine inayoyeyusha ncha mbili zikashikana, au hufungwa kichwa maalumu. Fundi anayesokota na kuzungushia tepu anakuigizia.

Niseme wazi kwamba ruta za 4G na 5G si utapeli. Vodacom walizindua 5G hapa nchini mwaka 2022, wengine wakafuata, na kwa nyumba ambayo faiba haijafika, ruta ya namna hiyo ukiinunua kwenye duka la kampuni yenyewe inaweza kukutosha. Ila mnara mnagawana na mtaa mzima, hivyo jioni watu wakirudi kazini kasi inashuka, na vifurushi vingi vinavyoitwa "bila kikomo" hupunguzwa kasi ukishafika kiwango fulani. Uliza kiwango hicho ni GB ngapi kabla hujalipa. Kinachonikasirisha ni mtu kuuziwa kitu kimoja kwa jina la kingine.

Hiyo Mbps 100 nayo ni chambo. Familia nyingi hazihitaji kasi hiyo. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa picha ya Full HD na 15 kwa 4K, kwa hiyo nyumba yenye runinga moja na watoto wenye simu inaishi vizuri na 20 za uhakika. Na Mbps ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti: kupata megabaiti gawanya kwa 8. Mbps 20 ni kama megabaiti 2.5 kwa sekunde, filamu ya GB 1 inashuka ndani ya dakika saba hivi. Wakati wa kupima kasi usikubali kuonyeshwa kwenye simu ya fundi, maana huwezi kujua simu ile imeunganishwa na nini. Zima data kwenye simu yako, ingia kwenye Wi-Fi yao, fungua fast.com au Speedtest. Speedtest inakuandikia pia jina la kampuni inayoleta intaneti. Likija jina tofauti na la kwenye fulana zao, waulize hapo hapo wakueleze. Rudia kipimo saa mbili hadi saa nne usiku, muda ambao watu wengi wako mtandaoni.

Wana kisingizio kimoja kinachowanasa hata wasomi. Mtandao ukizima wanasema mkongo wa baharini, ule waya mkubwa unaotuunganisha na intaneti ya nje, umekatika. Mwezi Mei 2024 ni kweli mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika na nchi nzima tukaisikia, ndiyo maana watu wanaamini. Lakini mkongo wa bahari ukikatika huzimi peke yako. Kama jirani mwenye mtandao mwingine yuko YouTube bila shida, hapo kuna uwezekano mkubwa tatizo liko kwenye bando la ile laini.

Upande wa malipo: kampuni ya kweli kwanza inapima kama kwako panafikika, kuna boksi la kugawia kwenye nguzo ya karibu au hakuna, ndipo inakupa kumbukumbu namba ya kulipia. Ukiingiza, linatokea jina la kampuni kabla hujathibitisha. Likitokea jina la mtu binafsi, sitisha, hata akisema ndiye mhasibu. Dai risiti ya EFD, uihakiki kwa TRA. Hawa wanatoa risiti ya kitabu cha dukani iliyogongwa muhuri wa duara. Piga mwenyewe huduma kwa wateja ya kampuni wanayodai kuiwakilisha, kwa namba uliyoitafuta wewe, si ile iliyoandikwa kwenye kipeperushi chao. Mwenyekiti wa mtaa naye yupo, mpigie. Wa kwetu hakuwa na taarifa yoyote.

Namba ya NIDA na alama ya kidole usiitoe mlangoni kwako. Ukitaka laini au huduma, nenda dukani.

Kama umeshalipa, piga *106# leo, na kama una laini za mitandao mingine rudia kwenye kila mmoja. Namba usiyoijua nenda nayo kwenye duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho, ifutwe kwenye jina lako. Meseji zao na namba zao zitume 15040, namba ya TCRA ya kuripoti matapeli. Piga picha lebo ya ruta, risiti, muamala na waya ulivyo, kabla hujagusa kitu. Kisha kituoni, uchukue RB, na usikubali kuambiwa ni jambo la madai kati yako na fundi: ruta ile, risiti ile na laini iliyosajiliwa bila ridhaa yako ni ushahidi.

Wakirudi kukuambia uongeze elfu hamsini "ya kubadilisha kifaa" wakamalizie kazi, usiwafungulie geti. Walio Kinyerezi waliolipa, pelekeni nakala za risiti zenu ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti anazikusanya zote ziende polisi pamoja.