Shanta la lita 65 la kufungua juu au la 50 lenye zipu mbele?

Mie yote mawili nishayabeba Pemba, kwa miguu Wete, Konde, Ngezi mpaka Vumawimbi, siku tatu. Lile la 65 lina fremu ndani na mkanda mpana wa kiunoni, ukishaukaza juu ya mifupa ya nyonga mzigo mwingi unahamia kiunoni na mabega yanapumua, kilo 15 husikii sana, ila ukitaka kikoi kilichoko chini ndo utoe sufuria, mchele, tochi, kila kitu mchangani, mkwe wangu alicheka jamani. La 50 unafungua zipu kama sanduku unachukua chako basi, lakini mkanda wake wa kiuno ni utepe tu, haubebi kitu, siku ya pili mabega moto, na zipu ikaingia mchanga na chumvi pale Vumawimbi ikakwama, nikaipaka mshumaa ndo ikaenda.

Mvua ya masika mashanta yote yanalowa, hata ukilivisha koti lake la mvua maji yanapitia mgongoni, weka nguo ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Mie nachukua la 65. La zipu namwachia mwanangu wa skuli.