Nimeuziwa mninga mbichi Tabora halafu nikaambiwa niweke tofali

Jamani naandika hii hasira bado hazijaisha. Mimi nachapa picha kwa mbao, nachonga kwa bobari na patasi, napitisha wino kwa rola, nalaza karatasi juu halafu nasugua kwa mgongo wa kijiko. Kazi yote iko kwenye ubao. Ukiwa na bonde hata dogo rola inaruka, picha inatoka na baka jeupe.

Sasa kuna karakana hapa Tabora mjini, jina siitaji, niliwaambia mapema nataka mninga mkavu, vipande vitatu saizi moja, vipigwe randa vizuri. Vitatu kwa sababu picha yangu ya mama muuza asali ina rangi tatu na kila rangi ina ubao wake, ubao mmoja ukicheza kidogo tu nyekundu inapanda juu ya nyeusi, basi tena. Hata Wajapani ndo walivyofanya, ile picha ya wimbi kubwa ya msanii wao Hokusai, ya miaka ya 1830, ilichapwa kwa mbao zaidi ya moja, za mcheri, mti mgumu usiopindapinda ovyo.

Haki yao niwape, kuranda wanajua. Nilivyopapasa zile mbao nilifurahi, siku ile ningewapa nyota zote tano.

Haikupita muda, ubao wa kwanza nimeshauchonga karibu wote, kingo zikaanza kunyanyuka. Mninga! Mti ambao mafundi wote wanausifia kwamba ukishakauka hauchezi! Maana yake ulikuwa mbichi, umetoka porini juzi ukapitishwa mashineni nikauziwa mimi kwa bei ya mkavu.

Nikawarudishia. Mwenye karakana yuko na simu sikioni hata hakuushika, ananiambia dada ubao ni ubao, kwani unasukumia chapati? Vijana wakacheka. Nikamwambia baba'angu angalia hii kazi, nywele za huyu mama nimezichonga mmoja mmoja, akasema we weka tofali juu utanyooka. Tofali! Juu ya mistari myembamba vile, si inavunjika yote? Hela inauma ila kilichoniuma zaidi hakuangalia hata sekunde moja, na yeye anajiita fundi.

Natoka getini kijana wa mashine akanifuata mbio, shikamoo dada, akanipa kipande cha mninga cha fremu ya mlango wa zamani, bure, akasema huu umekauka miaka. Nimeuchonga, nimeuchapia, haujasogea hata kidogo. Huyo kijana nampa tano.

Kwa hiyo mwende? Ningesema nendeni mkamuulizie kijana wa mashine, mwenye karakana mpiteni tu. Ila hapana, hela inaingia mfukoni kwa yule yule wa tofali, msiende. Na mimi hela yangu ya vile vipande vitatu bado naidai, Jumatatu naenda tena.