Verdana kwenye skrini ya pikseli chache: uzoefu wangu

Nahariri maandishi kutwa nzima kwenye skrini ya pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1366 kwa 768, na kwenye skrini ya namna hiyo fonti mbovu, yaani mchoro mbovu wa herufi, hukuchosha macho kabla ya saa sita. Nimejaribu nyingi, niliyobaki nayo ni Verdana.

Ukikuza picha ya skrini utaona kwa nini. Kwa saizi ya pointi 9, "a" ya Times New Roman hupata pikseli tano hivi kwenda juu, na humo humo litoshe tumbo, mgongo na kikia. Havitoshi, vinagandamana. "a" ya Verdana hupata kama saba, tumbo likabaki wazi. Times ilichorewa gazeti la karatasi, likaanza kuitumia mwaka 1932. Verdana, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1996, mchora herufi Matthew Carter aliianza kwa kupanga pikseli zenyewe, ndipo akachora mistari ya kuzifuata. Tom Rickner naye akaiwekea maelekezo ya kuiambia kompyuta kila mstari uangukie pikseli ipi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kitu kidogo: andika "Ilikuwa". Kwenye Arial, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili pacha. Verdana imeipa I kubwa vipande vya kulala juu na chini, na namba 1 ina kitako. Anayekagua nywila au namba za risiti atanielewa.

ClearType, ulainishaji wa herufi wa Windows, nimeuacha umewashwa. Unatumia vipande vitatu vya kila pikseli, chekundu, cha kijani na cha bluu, kwa hiyo kingo za herufi hunyooka zaidi. Ukiisimamisha skrini wima, vipande hivyo havikai tena ubavu kwa ubavu, na herufi huweza kuota rangirangi pembeni. Hapo uzime ulainishaji huo; Verdana husomeka hata bila kulainishwa, wakati fonti nyembamba hukatikakatika.

Ubaya wake ni upana. Jedwali la safu nyingi halienei, na kwenye vichwa vikubwa inakaa kibutu butu. IKEA, kampuni ya samani, walipoihamishia kwenye katalogi yao mwaka 2009 wabunifu walipiga kelele, na mimi nawaunga mkono. Kazi ya kuchapwa naibadilishia fonti, na mwenye skrini ya pikseli nyingi sioni kwa nini aing'ang'anie.