Familia ya Ba Jin: nimebaki na yule kaka mkubwa

Nakala yangu ya Familia, riwaya ya mwandishi Mchina Ba Jin, niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, Posta, Dar es Salaam, shilingi 5,000. Kozi yetu ya fasihi ilimtaka kila mwanafunzi achague riwaya moja ya Asia. Hii ni tafsiri ya Kiingereza ya Sidney Shapiro, iliyotoka kwanza Beijing mwaka 1958. Majina yako katika tahajia ya zamani: Chueh-hsin, Chueh-min, Chueh-hui. Siku mbili nzima niliwachanganya hawa ndugu, mpaka nikauchora ukoo wote nyuma ya jalada. Siku hizi huandikwa Juexin, Juemin na Juehui.

Ba Jin alianza kuitoa gazetini Shanghai mwaka 1931, sehemu kwa sehemu. Ukoo wa Gao unaishi Chengdu, vizazi vinne ndani ya ua mmoja, na neno la babu halipingwi.

Wenzangu darasani walimpenda Juehui, mdogo wao, ambaye mwishowe anapanda mashua na kuondoka. Mimi nimebaki na Juexin, kifungua mimba kama mimi. Moyo wake uko kwa Mei, lakini baba amepata posa mbili na zote anaziona nzuri. Basi anaandika majina ya koo hizo kwenye karatasi nyekundu, anazikunja vidonge, anawaomba wahenga, kisha anaokota kimoja. Ruijue anaolewa hivyo! Nilifunga kitabu nikaenda kukaa nje.

Kiingereza huwaita mabinamu wote kwa neno moja. Kwenye mchoro wangu niliandika: Qin, mtoto wa shangazi. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini Juemin anaweza kumwoa. Mtoto wa shangazi ana jina la ukoo mwingine, ila wa baba mdogo ni dada yako kabisa. Kwetu Tanga wote wawili huoleka, na pengine mgeni asingeliona hilo.

Mijadala ya vijana kuhusu gazeti lao ni mirefu, nami niliruka kurasa kadhaa. Lakini usiruke usiku ule Mingfeng, mjakazi anayetolewa kuwa suria wa mzee mmoja wa nje ya ukoo, anapokwenda kwa Juehui kuaga. Juehui ameinamia makala zake na anamwomba asubiri siku mbili. Binti anakwenda zake ziwani.

Sura iliyoniliza ni ya Ruijue. Babu amefariki, jeneza lingali nyumbani, na wakubwa wanasema damu ya uzazi itamdhuru marehemu. Mja mzito anahamishiwa nje ya mji, na Juexin anakubali, kama alivyokubali kila kitu. Siku ya uchungu anausukuma mlango wa chumba, haufunguliwi. Ndani mkewe anamwita kwa jina, anaita tena, kisha kimya. Mara ya kwanza nilimchukia. Niliporudia kusoma, nikakumbuka mimi mwenyewe nimeitikia "ndiyo, baba" mara ngapi huku moyo ukikataa.

Nilimsimulia mama kwa simu, kwa Kiswahili, karibu saa nzima. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na yule mtoto wao wa kwanza, mwanangu, alilelewa na nani?"

Riwaya inaendelea katika vitabu viwili, cha 1938 na cha 1940. Mwenye nacho chochote, naomba aniazime.